Firigisi ya Mama Mwansa

Kuku alikuwa bado na joto. Laurentine aliingiza vidole tumboni mwake, akavuta, na firigisi ikatoka nzima, ikateleza kiganjani. Aliipasua, akaiosha, akachubua ile ngozi ya njano ya ndani. Kisha akaitazama kwa muda mrefu kuliko nyama ndogo kama ile inavyostahili kutazamwa.

"Leo," alisema polepole, "naye ataonja."

Alikuwa peke yake jikoni. Nje, katika ua wa nyumba ya Marie-Thérèse, wanawake wa mtaa wa cité Albert, mjini Élisabethville, walitwanga sombe, majani ya muhogo, na kupepea makaa kwenye mbabula, huku wakicheka. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Annie, binti wa Marie-Thérèse, ambaye alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Clément. Padri alikuwa amekwisha kuyatangaza majina yao kanisani. Lakini watu wa Clément walitoka Sakania, na mtu wa Sakania hamwoi binti wa watu kabla ya kuonyeshwa moto.

Desturi ni hii. Akina mama wa upande wa binti hupika kila chakula ambacho mume atakula katika nyumba yake, wakavipeleka vyungu kwa wazee wa mwanaume, vikafunuliwa kimoja kimoja. Chungu cha mwisho ni cha kuku. Kuku huyo lazima awe kamili, kila kiungo, na firigisi iwe juu, kwa kuwa firigisi ni ya mume. Kuku asiye na firigisi ni tusi. Maana yake: binti yetu hatakuheshimu, nasi hatukuheshimu.

Marie-Thérèse alikuwa mtu wa kaskazini na hakuijua kazi hiyo. Ndiyo maana alikuwa amefunga kitambala chake cha kanisani, akaenda kupiga hodi kwa Laurentine, mama wa mtoto Stanislas na mke wa mdogo wake Adalbert.

"Mama Stani, unisaidie," alikuwa amesema, macho chini. "Bantu bote banasema weye njo unajua. Siwezi kupatisha mutoto haya."

"Haina shida, Mama Annie. Nitapika. Nitapika sawa vile mama yangu alipika."

Marie-Thérèse alipepesa macho, akashukuru, akaondoka haraka. Na Laurentine alipiga magoti palepale mlangoni, akaomba kwa sauti: "Asante, Bwana. Umemuleta adui yangu ku mulango yangu, na miguu yake mwenyewe."

Hakujua kwamba Adalbert alikuwa nyuma ya nyumba akinawa masizi ya treni, na kwamba alisikia kila neno.

*

Ni lazima niseme adui huyo alifanya nini.

Laurentine alipochumbiwa, mama yake, Mama Mwansa, alipanda treni kutoka Sakania na vyungu vyake, akaja Élisabethville kuwaonyesha moto watu wa Adalbert. Alipika tangu alfajiri. Laurentine, ambaye desturi ilimtaka akae nyuma ya nyumba asionekane, aliiona firigisi ikiwekwa juu ya kuku kwa mkono wa mama yake. Halafu Mama Mwansa alitoka kwenda kunawa. Laurentine, akichungulia dirishani, alimwona Marie-Thérèse akiinama juu ya chungu. Aliuona mkono ukiingia. Aliliona taya likitafuna.

Chungu kilipofunuliwa mbele ya wazee, Marie-Thérèse ndiye aliyepiga kelele wa kwanza.

"Aa! Firigisi iko wapi? Babandugu, mwaona? Njo vile bantu ya Sakania banatuheshimu! Mudogo yangu banamuona kama mbwa!"

Mama Mwansa aligeuza vipande vya kuku kwa vidole vitupu, katika mchuzi uliokuwa bado unachemka. Aligeuza, akageuza tena. "Niliweka," alisema. "Wababa, niliweka." Hakuna aliyemwamini. Mjomba mmoja alisimama, akatema mate, akatoka.

Ndipo Adalbert, kijana aliyekuwa bado hajapewa ruhusa ya kula, aliponawa mikono. Alivuta chungu kile cha aibu karibu naye. Akala shingo. Akala bawa. Akala mbele yao wote, taratibu, mpaka wazee wakanyamaza, kisha akamwambia Mama Mwansa, "Mama, nimeshiba. Bibi yangu nimemupata."

Wakafunga ndoa mbele ya altare na watu wachache sana. Mama Mwansa hakuwemo. Alikuwa amerudi Sakania na vidole vilivyoungua, akaapa kwamba hatakanyaga tena mji ule. Alikufa wakati wa mvua. Laurentine alipofika kwa treni, alikuta udongo umekwisha kumwagwa juu yake.

Tangu siku hiyo, kila jioni mke na mume waliposali pamoja, Laurentine alifika kwenye maneno "utusamehe makosa yetu", akafunga mdomo. Maneno yanayofuata hakuyasema. Adalbert hakumuuliza kamwe. Alipofika hapo alipaza sauti tu, "kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea", akayasema kwa sauti ya watu wawili, ili Mungu asisikie pengo.

*

Mchana kuku aliiva. Laurentine aliipua chungu, akatazama mlangoni, akaitoa firigisi kwa kijiko. Akaifunga katika kipande cha jani la mgomba, na jani akalifunga fundo katika pindo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. Lilimchoma. Akaona vema.

"Bibi."

Adalbert alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, shati lake la kutia makaa kwenye treni likiwa bado jeusi. Alimtazama mkewe usoni, kisha kiunoni.

"Kikwembe yako iko na mafuta," alisema.

"Mi napika. Muntu anapika anapata mafuta."

"Siku ile, kidevu ya yaya ilikuwa na mafuta."

Kijiko kilimponyoka Laurentine. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa ameibeba siri ile peke yake, akiogopa kumtenganisha mume na yaya wake, yule dada mkubwa aliyemlea.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla ya kukula ile shingo."

"Na ulinyamaza! Mama yangu alikufa na haya ya uongo, na weye ulijua, ulinyamaza!" Machozi yalimtoka, ya hasira. "Ningesema nini kwako, Adalbert? Weye unaitwa bwana muzuri. Cité muzima banasema: Laurentine, Mungu alikupatia neema. Neema gani hii, inajua mwizi na inamuchekea?"

"Sikumuchekea." Alikaa kwenye kibao, mzito kama mtu aliyebeba gunia. "Mama yetu alipokufa, yaya alinibeba mu mugongo. Alitafuna chakula yake, akaniwekea mu kinywa. Nilitaka kusema. Kila dimanche ku misa nilitaka. Nikimuona, kinywa inakauka. Iko kosa yangu, Laurentine. Sio yako."

"Basi leo usiniombe kitu."

"Sikuombi." Aliinua macho. Yalikuwa mekundu kwa moshi, na ndani yake mlikuwa na ule upole uliomfanya Laurentine ampende kabla hata ya kulijua jina lake. "Lakini ile siku ulipiga magoti pa mulango, nilikusikia. Ile asante, ulikuwa unamupatia Mungu gani?"

Laurentine aliinama, akaokota kijiko.

"Ukitaka kuificha, ficha. Siwezi kukunyang'anya. Mi njo mjomba ya Annie, nitakuwa pale pa mbele. Watafunua, watakosa, na mi nitanawa mikono. Nitakula ile haya tena. Najua namna inakulwaka."

Akasimama. Alipopita karibu naye, alifuta masizi ya kidole chake kwenye suruali kwanza, ndipo akamgusa shavu. Alikuwa bado anampenda. Hilo ndilo lililomuudhi Laurentine zaidi ya yote.

*

Vyungu vilifungwa kwa vitambaa vyeupe, vikapandishwa vichwani, na wanawake wakatoka wakiimba. Laurentine, mkuu wa moto, alitembea nyuma na chungu cha kuku. Marie-Thérèse alikuja kando yake. Alikuwa akiimba kama wengine, lakini sauti yake ilitetemeka, na kati ya ubeti na ubeti alinong'ona:

"Nilifungua chungu."

"Haikubaliwi kufungua."

"Nilifungua wakati ulienda kunawa. Mama Stani. Firigisi iko wapi?"

Laurentine aliendelea kutembea. Chungu kilikaa kichwani bila kutikisika. Tangu mama yake alipozikwa bila yeye kumwona, alikuwa akiingoja njia hii.

"Ile ya mama yangu iko wapi?"

Mbele yao wanawake walipiga vigelegele. Mmoja aligeuka, akapaza sauti, "Mama Annie, imba! Ama unalilia mahari?" Wote wakacheka. Marie-Thérèse akaimba neno moja, akakwama.

"Mama Stani, juu ya Mungu. Watu yote watatuona."

"Watu yote walimuona mama yangu. Aliingiza vidole mu mchuzi ya moto. Uliviona vile vidole?"

"Niliviona."

"Piga kelele basi. Weye unajua kupiga kelele. Sema: bantu, firigisi imeibiwa! Watakuuliza: umejuaje? Umefungua chungu? Juu ya nini unaogopa mwizi wa firigisi, Mama Annie? Hakuna muntu anamuogopaka, ila ule alishaiba."

Walipita kando ya reli. Moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa umeinama upande wao, na Marie-Thérèse alikohoa, au alilia, haikujulikana.

"Nilikula," alisema.

"Sema muzuri. Sisikie."

"Nilikula! Niliitoa, nikaitafuna, nikaimeza. Ilikuwa ya moto, ilinichoma mpaka huku." Aligusa kifua chake. "Ulikuwa unakuya kuninyang'anya mutoto yangu. Adalbert sio mudogo yangu, ni mutoto yangu. Nilifikiri: wakikosana leo, atabakia kwangu. Hakubakia. Alikula ile shingo mbele yangu, akanitazama. Toka siku ile haniite tena yaya na sauti ile ya zamani. Weye unafikiri nilishinda?"

Laurentine alikuwa ameota maneno hayo mara nyingi. Katika ndoto, yalipotoka, moyo wake ulipoa kama maji ya kisima. Sasa yalikuwa yametoka, na moyo ulikuwa bado unawaka.

"Nimesema," alilia Marie-Thérèse. "Nipatie."

"Bado."

"Annie hakukukosea kitu!"

"Na mama yangu alikukosea nini?"

Wakafika.

*

Wazee wa Clément walikuwa wameketi kwenye mkeka, na katikati yao baba yake mkubwa, mzee Paulin, mkavu na mrefu, mtu asiyecheka ovyo. Adalbert alikuwa kando, amebadili shati. Karibu na goti lake palikuwa na bakuli la maji. Alikuwa ameliweka mwenyewe.

Vyungu vilifunuliwa. Bukari, ugali mweupe. Sombe yenye karanga. Samaki wakavu wa Luapula. Maharagwe. Kwa kila chungu Laurentine alieleza, "Njo hivi atakulisha wakati wa mvua, njo hivi wakati wa taabu," na wazee wakaitikia. Kilibaki kimoja.

Alikifungua. Mvuke ulipanda. Mzee Paulin alitazama miguu, akatazama mabawa, shingo, mgongo. Akatazama tena. Akina mama wakaacha kupepea.

"Kuku iko muzuri," alisema. "Firigisi siione."

Marie-Thérèse alisimama. Uso wake ulikuwa kama majivu. "Baba," alianza, "musihukumu mutoto yangu. Kosa ni yangu. Mi njo muntu..."

Hii ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Laurentine aliinuliwa ndani yake na furaha kali, kama pombe ya kwanza. Maliza, alisema moyoni. Sema mbele yao wote. Utemewe mate.

Na katika kimya kile alisikia maji.

Aligeuka. Adalbert alikuwa amevuta bakuli na ananawa mikono. Alinawa vidole kimoja kimoja, hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemtazama ila yeye. Alikuwa anajiandaa kula. Kama zamani, bila kulaumu mtu, alikuwa anakwenda kuketi mahali pa aibu ili mtu mwingine asiketi peke yake. Siku ile alikaa kwa ajili ya Laurentine. Leo alikuwa anakaa tena, na aibu hii ilikuwa ya mkono wa Laurentine.

Ndipo alipoelewa watu walimaanisha nini walipomwambia: Mungu alikupatia neema. Neema hiyo alikuwa akilala kando yake, akiifulia shati, akiikaripia kwa masizi. Hakuifanyia kazi. Hakuilipia. Ilimjia tu, ikamkuta na hasira zake, ikakaa.

"Mama Annie, ukae," alisema Laurentine.

Sauti yake ilitoka kavu. Alishika pindo la kikwembe, akafungua fundo mbele ya wazee wote.

"Mzee, musishangae. Huku Élisabethville njia iko na bezi mingi, bantu ya kuiba. Firigisi ya huku inajua kupoteaka mu chungu. Njo maana nikasema: hii ya Annie nitaibeba mi mwenyewe, karibu na tumbo. Ikipotea, mutapasua tumbo yangu."

Akaifunua kutoka katika jani, akaiweka juu ya kuku kwa mikono miwili.

Kisha mzee Paulin, yule asiyecheka, alicheka mpaka bega likatikisika. "Huyu ni mutoto ya Sakania kweli! Bezi mingi! Unasikia, Clément? Huyu mama atakufundishia bibi yako!" Vigelegele vikapasuka. Clément, aliyekuwa ameketi kama mshtakiwa, akafuta jasho.

Mikono ya Adalbert ilikuwa bado inadondosha maji. Alimtazama mkewe, na Laurentine akageuza uso. Asingeweza kuyastahimili macho yale mbele za watu.

"Nani alikufundisha moto?" aliuliza mzee.

"Mama yangu. Mwansa. Alipika kuku mu Élisabethville mara moja tu."

Kicheko cha mzee kilikatika. "Mwansa ya Sakania? Nilisikiaka habari ya ile kuku. Balisema haikukuwa na firigisi."

Laurentine alimgeukia Marie-Thérèse, akangoja. Uongo ule wa zamani hakuusamehe. Chungu cha Annie alikuwa amekitengeneza. Kile cha mama yake hakikuwa chake kukitengeneza.

Marie-Thérèse aliketi kichwa chini. Kisha akakiinua.

"Ilikuwa nayo, baba," alisema kwa sauti ambayo hata watu wa mlangoni waliisikia. "Mama Mwansa aliiweka. Alikuwa mwanamuke wa heshima. Nilikuwa pale, najua. Mi njo niliitoa."

Mzee Paulin alimtazama kwa muda mrefu. Akamtazama Annie, aliyekuwa analia kimya mlangoni. Akaichukua firigisi, akampa Clément.

"Kula," alisema. "Bantu hawa banajua kusema kweli. Nimeona moto."

*

Annie na Clément walifunga ndoa kanisani, na Adalbert na Laurentine walisimama nyuma yao kama wazazi wa ndoa. Padri alipouliza kama wataahidi kuwasaidia vijana hawa kuishi katika neema ya Mungu, Laurentine alijibu ndiyo, akashangaa kwamba hakusema uongo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Marie-Thérèse alipiga hodi. Alibeba chungu kilichofungwa kitambaa cheupe. Alikiweka mezani, akakifunua, akarudi nyuma hadi ukutani. Ndani mlikuwa na kuku mzima, na firigisi juu.

"Sikujua muzuri namna ya kupika," alisema. "Ni ya mama yako."

Laurentine alitazama chungu. Hasira ilikuwa bado ndani, imekaa kama mgeni aliyechelewa kuaga. Hakujidanganya kwamba imekwisha.

"Mama yangu alishakufa," alisema.

"Najua."

Adalbert aliichukua firigisi kwa vidole, haki yake mwenyewe, nyama ambayo hakuna mke wa cité Albert aliyewahi kuila mbele ya mume wake. Akaiweka katika sahani ya mkewe.

"Kula weye. Kula kwa ajili ya mama yako."

"Tusali kwanza," alisema Laurentine.

Wakasimama watatu, mtoto Stanislas akishika meza. Wakaanza Baba Yetu. Walipofika kwenye "utusamehe makosa yetu", Adalbert alinyamaza. Hakupaza sauti. Hakuziba pengo. Marie-Thérèse, ukutani, akafumba macho kama mtu anayengoja kupigwa.

"Kama sisi," alisema Laurentine. "Kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea."

Akaketi. Akaila firigisi. Ilikuwa ngumu, na ilikuwa na chumvi nyingi mno. Akaila yote, kisha akamwambia wifi yake, "Yaya, leta kiti."